Dawa ya MS ipimwe siku inapokosekana

Asilimia 30, asilimia 46, asilimia 68. Takwimu za aina hii ndizo zinazotajwa kila inapozungumziwa jinsi dawa za MS, ugonjwa wa ubongo na neva, zinavyopunguza mashambulio, na mgonjwa wa Nairobi aliyepata majibu ya MRI, ile picha ya sumaku, juzi huzikuta kwenye simu yake kabla hajamwona daktari wa neva. Takwimu zenyewe ni za kweli. Ila zilipatikana kwa watu ambao dawa haikuwahi kuwaishia. Kwenye majaribio ya kitabibu dozi inayofuata hulipiwa, hutunzwa kwenye friji na hutolewa tarehe iliyopangwa. Hapa kwetu dozi inayofuata hungoja mambo matatu: bima iwe haijafika kikomo, mzigo uwe haujakwama njiani, na jamaa wawe hawajachoka kuchanga. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayechagua dawa ya MS ya kurudiarudia akiwa Nairobi aanze kwa kuuliza dawa hiyo itamfanyia nini siku itakapokosekana, kisha ndipo aje kwenye asilimia.

Hata hivyo asilimia hizo zinahitaji kusomwa vizuri, kwa sababu wengi huzisoma vibaya.

MS, kwa kirefu maltipo sklerosisi, ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga hushambulia mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Katika aina ya kurudiarudia, ambayo ndiyo huwaanza wengi, mtu huamka jicho moja lina ukungu na linauma akiligeuza, au miguu imekufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Hali hukaa siku au wiki kadhaa, kisha hupungua. Miezi au miaka baadaye huja nyingine, mahali pengine. Madaktari huita tukio hilo shambulio pale dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inapodumu angalau saa 24 bila homa wala maambukizi, na ziwe zimepita siku 30 tangu shambulio lililotangulia. Dawa hupimwa kwa kuhesabu mashambulio hayo kwa mwaka.

Interferoni beta-1b, ya kwanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1993, ilishusha wastani huo hadi 0.84 kwa mwaka, ilhali waliopewa dawa bandia walikuwa na 1.27. Hiyo ndiyo theluthi inayosemwa mpaka leo kuhusu sindano za zamani, yaani interferoni na glatiramer. Natalizumab, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ilikuwa na 0.26 dhidi ya 0.81 ya dawa bandia, asilimia 68. Ocrelizumab, iliyoidhinishwa mwaka 2017, ilikuwa na 0.16 dhidi ya 0.29, tofauti ya karibu nusu. Kwa lugha ya miaka, 0.29 ni shambulio moja kila miaka mitatu na nusu hivi, na 0.16 ni moja kila miaka sita.

Anayeziangalia haraka atasema natalizumab inaishinda ocrelizumab, 68 kwa 46. Hapo ndipo watu hujikwaa. Natalizumab ilipambanishwa na dawa bandia. Ocrelizumab ilipambanishwa na interferoni beta-1a, dawa halisi inayofanya kazi. Halafu kuna jambo lisilosemwa sana: hata kundi la dawa bandia halifanani kutoka utafiti hadi utafiti. Mwaka 1993 lilikuwa na mashambulio 1.27 kwa mwaka. Katika utafiti mkubwa wa vidonge vya cladribine uliochapishwa mwaka 2010, kundi la dawa bandia lilikuwa na 0.33 tu, na waliomeza dawa 0.14. Ugonjwa siku hizi hutambuliwa mapema zaidi kwa MRI, na wanaoingia kwenye majaribio si wagonjwa wa aina ile ile ya miaka ya tisini. Kuchukua asilimia ya utafiti mmoja na kuishindanisha na ya mwingine ni kazi bure, isipokuwa dawa hizo mbili ziwe zilikutana uso kwa uso.

Kilicho imara kuliko asilimia za mashambulio ni picha. Ocrelizumab ilipunguza madoa yanayong'aa kwenye MRI baada ya sindano ya gadolini, yaani vidonda vibichi, kwa asilimia 94 hadi 95 ikilinganishwa na interferoni. Kwa shambulio na kwa vidonda vipya, dawa za daraja la juu hufanya kazi vizuri kweli, na mgonjwa aliyeanza mapema anaweza kukaa miaka bila doa jipya.

Ulemavu ni hesabu nyingine. Katika majaribio hayo hayo ya ocrelizumab, waliozidiwa na ulemavu kwa kipimo kilichothibitishwa baada ya wiki 12 walikuwa asilimia 9.1 dhidi ya 13.6 ya interferoni. Ni faida, tena si ndogo, lakini haifanani na 95. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya ulemavu uliojilimbikiza, katika makundi yote mawili, ulikuja bila shambulio lolote: mguu unaozidi kuwa mzito, kibofu kinachozidi kusumbua, na MRI haionyeshi kitu kipya. Hakuna dawa ya leo inayouzima mwendo huo wa chinichini ipasavyo. Mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo mwanzoni, asije akadhani dawa imekataa na kuitupa, wakati inafanya kile inachokiweza.

Sasa tuje kwenye kukosekana.

Dawa hizi haziachwi kwa namna moja. Natalizumab huingia kwa dripu ya miligramu 300 kila wiki 4, na hufanya kazi kwa kuzuia seli za kinga zisivuke kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Hazifi, zinangoja mlangoni. Dawa ikikatika, vidonda huanza kurudi kuanzia wiki ya 12 hivi, na kwa baadhi ya wagonjwa hurudi kwa kishindo kuliko hata kabla hawajaanza. Juu ya hapo kuna virusi vya JC, ambavyo watu wengi wazima wanavyo mwilini bila kujua na ambavyo chini ya dawa hii vinaweza kuleta maambukizi ya ubongo yanayoua. Mwenye kingamwili za virusi hivyo hatari yake hupanda hasa baada ya miaka 2 ya matibabu, kwa hiyo lazima apimwe damu tena na tena. Ni dawa nzuri mno kwa mji ambao dripu ya kila mwezi haikosi. Kwa mtu anayelipia kwa harambee, ningemkataza.

Fingolimod ni kidonge cha miligramu 0.5 kila siku, na kwa kuwa ni kidonge watu huiona nyepesi. Si nyepesi. Hufungia seli za kinga ndani ya tezi za limfu, na ikiachwa seli hizo hutoka na kurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu wagonjwa waliozorota vibaya baada ya kuiacha. Kuanza upya nako kuna masharti. Dozi ya kwanza hupunguza mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa hukaa chini ya uangalizi saa 6, akipimwa mapigo na presha kila saa, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mwanzo na mwisho. Aliyeimeza zaidi ya mwezi kisha akaikosa zaidi ya siku 14 hurudia zoezi hilo lote. Anayesafiri kwenda ushago na kusahau kopo la dawa Nairobi anapaswa kuzijua siku hizo 14 kwa kichwa.

Interferoni na glatiramer zina sifa moja ambayo hazipewi: zikikatika, ugonjwa hurudi ulipokuwa, hauzidi. Udhaifu wao ni nguvu ndogo, na sindano za kujidunga mwaka hadi mwaka. Glatiramer, miligramu 20 kila siku au 40 mara tatu kwa wiki, ndiyo kimbilio la anayetaka kushika mimba, na hilo si jambo dogo katika ugonjwa unaowapata wanawake kuliko wanaume na unaoanza wengi wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Teriflunomide ni kinyume chake: haifai kabisa kwa mimba, na hukaa mwilini muda mrefu hivi kwamba anayetaka mtoto huoshwa kwa cholestyramine gramu 8 mara tatu kwa siku, siku 11, kisha damu ipimwe kuhakikisha imetoka.

Cladribine imeumbwa kwa watu wasio na uhakika wa kesho. Dozi nzima ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, ikigawanywa kwa miaka 2. Kila mwaka mgonjwa humeza vidonge wiki mbili tu, ya kwanza na nyingine mwezi mmoja baadaye, siku 4 au 5 kila wiki. Baada ya mwaka wa pili hakuna kumeza tena. Aliye na fedha ya miaka miwili anamaliza matibabu, hana deni la kila mwezi. Bei ndiyo kikwazo, na hesabu ya limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga kwenye damu, lazima ifuatiliwe kwa sababu ikishuka sana mkanda wa jeshi hujitokeza.

Halafu kuna familia ya dawa zinazofuta seli B, aina ya seli za kinga: rituximab, ocrelizumab, ofatumumab. Hapa kukosa dozi si msiba. Seli B zikishafutwa huchukua miezi kurudi, na zinaporudi huja polepole. Wagonjwa wa majaribio ya awali ya ocrelizumab walioachishwa dawa kwa miezi 18 hawakuonyesha mrejeo wa kishindo, na wakati wa korona, dozi ziliposogezwa mbele katika nchi nyingi, ugonjwa kwa walio wengi ulibaki umetulia. Dozi ya Januari ikitoka Machi, mgonjwa hajaangamia. Sijui sifa nyingine ya dawa ya MS inayoufaa mji huu zaidi ya hiyo.

Kati ya hizo, rituximab ndiyo ya kwetu. Ni dawa ya limfoma, saratani ya tezi za limfu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 kwa saratani hiyo, ina nakala za bei nafuu, na wauguzi wa wodi za saratani hapa mjini wanaifahamu kama wanavyofahamu paracetamol. Kwa MS haijawahi kuombewa idhini na kampuni yoyote, na hilo ndilo huwapa bima kisingizio. Lakini ushahidi upo. Sweden wameitumia kwa maelfu ya wagonjwa, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2022 uliwagawa watu 200 kati ya rituximab na dimethyl fumarate, dawa ya MS ya kumeza: ndani ya miezi 24, waliopata shambulio walikuwa asilimia 3 kwa rituximab na asilimia 16 kwa ile nyingine. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake kwa mara ya kwanza: rituximab, cladribine na glatiramer. Ukizitazama tatu hizo kwa jicho la kukosekana, hakuna hata moja inayolipiza kisasi ikiachwa. Sidhani ni bahati.

Basi siku ya dripu ya rituximab iendeje? Dozi ya kwanza huwa miligramu 1,000. Wengine huirudia baada ya siku 14, wengine hutoa moja tu, kisha miligramu 500 kila miezi 6. Chupa kubwa ina miligramu 500 ndani ya mililita 50, kwa hiyo dozi ya kwanza ni chupa mbili, mililita 100. Muuguzi hutoa mililita 100 za maji ya chumvi kwenye mfuko wa mililita 500, kisha huweka dawa mahali pake. Mfuko hupinduliwa taratibu mara chache, hautikiswi: hii ni protini, na ukiitikisa inatoa povu na kuharibika. Nusu saa kabla, mgonjwa hupewa paracetamol gramu 1, dawa ya mzio na methylprednisolone, ambayo ni steroidi, miligramu 100 kwa mshipa. Anayemeza dawa za presha kwa kawaida huambiwa asizimeze kwa saa 12 kabla, maana presha inaweza kuanguka dripu ikiwa katikati.

Kasi huanza miligramu 50 kwa saa, ambazo kwa mfuko huo ni mililita 25. Kila nusu saa huongezwa mililita 25 nyingine, mpaka kikomo cha mililita 200 kwa saa. Kwa mwendo huo, dripu yote huchukua saa 4 na robo ikiwa hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza kitu hutokea mara nyingi: koo linawasha, ngozi inatoka vipele, mwili unatetemeka kwa baridi, presha inashuka. Dripu husimamishwa, mgonjwa hutulizwa, na dalili zikiisha huanzishwa upya kwa nusu ya kasi iliyokuwapo. Wanaoharibu ni wale wanaofungulia dripu haraka kwa sababu kitanda kinangojwa na mtu mwingine. Dozi ya pili na kuendelea huwa tulivu zaidi.

Safari ya chupa nayo ina mambo yake. Dawa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Familia nyingi huinunua duka la dawa na kuibeba zenyewe hadi chumba cha dripu, na foleni ya Thika Road haijui friji. Litafutwe boksi la baridi lenye kipande cha barafu, na kati ya barafu na chupa kuwe na gazeti au kitambaa, kwa sababu chupa iliyoganda imeharibika sawa na iliyopata joto, hata kama ndani inaonekana safi.

Kabla ya yote hayo kuna vipimo, na kimoja nakisisitiza: homa ya ini aina ya B. Kipimo cha HBsAg, kinachotafuta protini ya ganda la virusi, peke yake, ambacho maabara yoyote ya mtaani hufanya, hakitoshi. Mtu aliyewahi kuambukizwa na kupona huwa hana HBsAg, lakini virusi vimejificha kwenye ini. Seli B zikifutwa vinaweza kuamka na kulimaliza ini. Kinachomtambua mtu huyo ni kipimo cha kingamwili za kiini, anti-HBc. Kikiwa chanya, daktari wa ini aitwe kwanza, na dawa ya kuzuia virusi ianze kabla ya dripu. Vilevile ipimwe VVU, kifua kikuu na kiwango cha kingamwili IgG. Hiyo IgG hushuka kidogokidogo kadiri miaka ya matibabu inavyosonga, na anayeanza kuugua nimonia au sinusi kila baada ya miezi miwili huenda imeshashuka chini mno.

Chanjo nazo. Zile zenye vijidudu hai zitolewe angalau wiki 4 kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo mlango umefungwa. Kwa Mkenya maana yake ni homa ya manjano: anayefanya biashara na nchi zinazodai ile kadi ya njano aichanje kabla ya rituximab, si baada.

Kabla hata ya kufikiria dawa, uchunguzi wenyewe uwe sawa. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na MS, nuromielitisi optika, ambao kwa watu weusi huchukua nafasi kubwa kuliko kwa wazungu. Huupiga uti wa mgongo kwa doa refu linalovuka pingili 3 au zaidi, huweza kupofusha macho yote mawili, na wakati mwingine huanza na kwikwi au kutapika kusikokoma kwa siku nyingi. Damu ipimwe kingamwili za akwaporini-4. Interferoni, natalizumab na fingolimod zinaweza kuuzidisha ugonjwa huo vibaya, kwa hiyo anayezianzisha kwa kubahatisha anacheza na uti wa mgongo wa mtu. Rituximab hutibu ugonjwa huo pia. Pale ambapo majibu ya damu yanachelewa na mgonjwa anazidi kudhoofika, hiyo ni sababu nyingine ya kuipa kipaumbele.

Dawa ikishaanza, ufuatiliaji ni wa picha kuliko wa maneno. MRI ya msingi ifanywe miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza. Ile ya siku ya utambuzi haifai kwa kulinganishia, kwa sababu madoa yaliyozuka kati yake na siku dawa iliposhika yatahesabiwa kama dawa imeshindwa, na mgonjwa atabadilishiwa dawa iliyokuwa ikifanya kazi. Baada ya hapo iwe mara moja kwa mwaka, ikiwezekana mashine ile ile na mpangilio ule ule. Omba CD, usiridhike na filamu na ripoti ya ukurasa mmoja. Mtaalamu wa radiolojia hawezi kuhesabu madoa mapya kwa kusoma ripoti ya mwenzake.

Na shambulio likitokea dawa ikiwa mwilini? Kwanza lithibitishwe. Joto na homa hufanya makovu ya zamani yaonekane kama mapya: mtu ana malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, jicho lililopona miaka miwili iliyopita linapata ukungu tena, na ndani ya siku moja anapewa steroidi ambazo hazikuhitajika. Pimeni mkojo na malaria kwanza. Likiwa la kweli na linamzuia kutembea, kuona au kufanya kazi, tiba ni methylprednisolone gramu 1 kwa mshipa kila siku kwa siku 3 hadi 5. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kumeza kiasi hicho hicho kwa mdomo kwa siku 3 hakuzidiwi na dripu, kwa hiyo si lazima mtu alazwe. Ila kiasi kiwe hicho hicho. Kwa prednisolone, gramu 1 hiyo ni sawa na miligramu 1,250, yaani vidonge 250 vya miligramu 5 kwa siku moja. Ile karatasi ya prednisolone miligramu 40 kwa wiki mbili, inayotolewa sana, si tiba ya shambulio; na kwa neva ya jicho, utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 ulikuta kuwa dozi ya kawaida ya prednisone, ndugu ya prednisolone, ya kumeza peke yake iliongeza uwezekano wa jicho kuugua tena. Steroidi huharakisha kupona, hazibadilishi mwisho wa ugonjwa, na hazichukui nafasi ya dawa ya kila miezi 6. Wapo wanaotibiwa kwa steroidi shambulio baada ya shambulio, miaka nenda miaka rudi, bila dawa yoyote ya kuzuia. Huko si kutibu MS.

Basi fedha. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Sheria ina hazina ya magonjwa sugu na mahututi, na MS ni ugonjwa sugu kwa kila maana ya neno hilo. Hoja inayosikika ni kwamba dawa hizi ni ghali kwa nchi na wagonjwa ni wachache. Tuhesabu chupa. Mgonjwa wa MS kwa mpango wa Sweden, miligramu 1,000 kisha 500 kila miezi 6, hutumia chupa 3 za miligramu 500 mwaka wa kwanza na chupa 2 kila mwaka unaofuata. Miaka mitatu ni chupa 7. Mgonjwa wa limfoma hupewa miligramu 375 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kwa mtu wa kawaida hizo ni kama miligramu 640, na mizunguko 6 ni karibu miligramu 3,800, chupa 8 kasoro kidogo, ndani ya miezi minne au mitano. Anayeweza kuagiza za limfoma anaweza kuongeza za MS kwenye shehena ile ile bila jokofu jipya wala muuguzi mpya. Na uchache wa wagonjwa, unaotumiwa kama sababu ya kuwasahau, ndio unaofanya gharama yote iwe ndogo.

Kilicho kigumu kuliko bei ni kibali. Bima inayodai barua mpya, ripoti mpya na MRI mpya kwa kila dozi hugeuza miezi 6 kuwa 9, na ingawa rituximab huvumilia ucheleweshaji, huvumilia kwa kiasi. Ikichelewa mwaka mzima seli B zimerudi na kazi imeanza upya. Kibali kitolewe kwa mwaka, dozi mbili kwa pamoja, kikijumuisha kitanda cha siku, vipimo vya ini na IgG, na MRI moja. Ombi la mwaka unaofuata liingizwe mwezi wa 9 tangu dozi ya kwanza, ili barua ikizunguka kati ya hospitali na bima kwa wiki 12, dripu iwe bado itatoka tarehe yake.